Ubatizo si talaka

Suala la mitala limewasumbua wamisionari wa Kikristo tangu walipotia mguu Afrika. Sisi wa Visiwani tunalitazama kama majirani, kwani dini ya walio wengi kati yetu inaruhusu wake hadi wanne, kwa sharti zito la uadilifu ambalo waume wengi, tuseme kweli, hulisahau. Hata hivyo jambo hili halituhusu kwa mbali tu. Misheni ya Vyuo Vikuu iliweka makao yake Unguja mwaka 1864, na kutoka hapa ndipo mapadri wake walipovuka kwenda Magila na Masasi.

Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, London, waliamua kuwa mume wa wake wengi asibatizwe. Afundishwe na kungoja mpaka atakapoweza kuitii sheria ya dini yao. Kwa mtu asiyetaka kungoja, maana yake ilikuwa kuacha wake. Amwache nani? Wa kwanza aliyechuma naye, au wa mwisho mwenye watoto wachanga? Mwanamke huyo hakukosa lolote. Mahari yake yalikwisha liwa zamani, na kwa kaka zake huenda hana hata tuta la muhogo.

Si kwamba hakuna aliyewaonya. Askofu Colenso wa Natal alipinga jambo hili tangu mwaka 1855. Padri Eugene Hillman, aliyehudumu kwa Wamaasai wa Tanzania, aliliandikia kitabu kizima mwaka 1975. Hatimaye, mwaka 1988, Lambeth iliridhia mume abatizwe pamoja na wakeze na wanawe walioamini, asilazimishwe kumwacha yeyote, ila aahidi kutooa tena maadamu mmojawapo wa wake hao yu hai. Ilichukua miaka 100 kamili, na azimio hilo halikumrudisha nyumbani hata mmoja wa walioachwa kabla yake.

Kanisa Katoliki, kwa kanuni zake za mwaka 1983, linamtaka mume abaki na mke mmoja, lakini linamwagiza askofu ahakikishe kuwa wale wanaoachwa wanapata mahitaji yao.

Hatuna nia ya kuwafundisha maaskofu dini yao, kama tusivyopenda wao watufundishe yetu. Lakini matunzo ya mke na watoto ni jambo la Serikali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Bara, inaitambua ndoa ya mitala na inampa mume wajibu wa kumtunza mkewe, na ndoa hiyo haivunjwi na maji ya ubatizo. Mwanamke aliyefukuzwa anapofika kwa mtendaji wa kijiji au ofisa wa ustawi wa jamii, asijibiwe kuwa hayo ni mambo ya kanisa. Na huku kwetu, anayepewa talaka ili kumpisha bibi arusi mpya, kisha akafika kwa Kadhi mikono mitupu, naye asiambiwe kuwa hayo ni mambo ya nyumbani. Wote wawili waandikiwe madai yao siku hiyo hiyo, na mume aitwe.