KOPO LA DAWA HALISAFISHI MAPAFU

Ndugu wanachama,

Miezi miwili iliyopita, siku ya mshahara, vijana wawili waliovaa vizuri walisimama penye lango la karakana na sanduku la makopo. Walikuwa na maneno matamu. Walisema ya kuwa mwili wa mtu hushikwa na kutu kama reli ishikavyo kutu, na ya kuwa ndani ya makopo yale mna kitu kiitwacho antioksidanti, ambacho huondoa kutu hiyo, husafisha mapafu ya mtu wa kazi ya moshi, hushusha presha na kuzuia saratani. Kopo moja shilingi 3,500. Asiye na fedha aliandikwa jina alipe mwezi ujao.

Wengi walinunua. Mwandishi wa maneno haya naye alinunua, wala hafichi.

Lakini mwenzetu mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, alinunua makopo mawili, kisha akaacha tembe za presha alizopewa hospitali, kwa kuwa aliambiwa dawa mbili hupigana tumboni. Juma la tatu alianguka kazini. Leo mkono wake wa kulia hauna nguvu, watoto wake wanangoja karo, sisi tunachanga, na deni la makopo bado ladaiwa.

Tusimcheke ndugu huyu. Kila mtu hutafuta uzima. Ila yafaa tujue kweli ya jambo lenyewe.

Wauzaji hawa hawakusema uwongo mtupu. Mwili huchoma chakula kwa hewa ya oksijeni, kama treni ya zamani ilivyochoma makaa. Katika kuchoma huko hutoka chembe kali ziwezazo kuharibu mwili, na moshi wa sigara huziongeza. Vitamini C, vitamini E na beta-karotini, ile rangi ya karoti, huzipunguza ukali. Hizo ndizo antioksidanti. Lakini mwili si reli. Una ulinzi wake wenyewe, na tena chembe nyeupe za damu huzitumia chembe kali hizo hizo kuua vidudu vya ugonjwa. Basi kuzifuta zote si faida.

Madaktari waliona zamani ya kuwa watu walao mboga na matunda kwa wingi hawapatwi sana na saratani. Wakafikiri, tukitia vitamini hizo katika tembe, je, haitakuwa vema zaidi? Wakajaribu. Huko Finland walichukua wanaume 29,133 wavutao sigara. Majibu yalitoka mwaka 1994: waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao, kwa asilimia 18. Huko Marekani walichukua watu 18,314, wavuta sigara, walioacha sigara, na wanaume waliofanya kazi penye vumbi la asbesto. Hao walipewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Januari 1996 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa saratani ya mapafu ilizidi kwa asilimia 28 kati ya waliopewa tembe.

Ndugu, tazameni jambo hili vizuri. Walioumia ni watu wa moshi na vumbi, watu kama sisi, ambao wauzaji wanasema dawa hii ni yao hasa. Mwaka 2012 wataalamu walikusanya majaribio 78 yenye watu karibu 297,000. Hawakuona ya kuwa tembe za antioksidanti zaongeza maisha, na beta-karotini na vitamini E zilionekana kuongeza vifo.

Je, vitamini zote ni bure? La. Mama mjamzito hupewa madini ya chuma na foliki asidi kliniki. Mtoto wa chini ya miaka mitano hupewa vitamini A. Mgonjwa wa kifua kikuu hupewa vitamini B6, kwa sababu dawa moja ya ugonjwa huo yaweza kudhuru mishipa ya fahamu. Hapo upungufu au hatari yajulikana, na kipimo kimepimwa. Sisi wengine tule mapera, maembe, papai, sukuma wiki, mchicha na karoti. Hizo hazina madhara ya tembe, na shilingi 3,500 zitaleta nyingi nyumbani.

Sasa twafika kwenye shina. Kwa nini wauzaji walikuja kwetu? Kwa sababu wanajua ya kuwa twajua hewa yetu ni mbaya. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitangaza ya kuwa moshi wa dizeli huleta saratani. Mwaka 2017 likasema hivyo juu ya moshi wa kuchomelea vyuma. Sisi tuliomba feni za kuvuta moshi, tukajibiwa fedha hakuna. Kisha msimamizi mmoja akasema, "Si mnunue zile dawa za vijana?" Maneno hayo tusiyasahau. Kopo hulipwa na mfanyi kazi, lakini feni hulipwa na mwajiri.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri alinde afya ya wafanyi kazi wake, na mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Hatuombi zawadi.

Basi twawaomba wanachama mambo haya:

1. Mtu asiache dawa ya presha, ya sukari, ya kifua kikuu wala nyingine yoyote kwa neno la muuzaji. Aliyekwisha kuacha arudi kwa daktari sasa. Kila mwezi, tangu Oktoba 2024, twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya SHA. Fedha ni zetu, tuitumie bima hiyo.

2. Anayemeza tembe za makopo amwambie daktari, asione haya. Vitamini E nyingi yaweza kuzidisha kutoka damu kwa mtu anywaye dawa ya kuzuia damu kuganda.

3. Wavutao sigara wajitahidi kuacha. Jambo hili ni gumu, lakini faida yake kwa mapafu ni kubwa kuliko kopo lolote.

4. Kila mjumbe wa chama aandike mahali pasipo na feni, penye injini zinazoachwa zikinguruma ndani, na pasipo na barakoa za kufaa. Orodha hiyo iletwe katika mkutano wa tawi, nasi tutaipeleka kwa mwajiri kwa maandishi.

Na kwa ajili ya ndugu yetu mgonjwa, mchango bado wapokelewa kwa mweka hazina. Asiye na kitu amtembelee. Naye hupenda kuzungumza juu ya kazi.

Wenu katika chama,
Mhariri