Injini Kuwaka Si Ushahidi wa Betri Nzima

Atokaye Makambako, ambako barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA hukutana, hupanda hadi mji wa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha huelekea kusini katika milima ya Ludewa, penye mwamba wa chuma wa Liganga. Katika nchi ya milima kama hiyo ndege ndogo si chombo cha anasa. Tangu mwaka 1957, ilipoanzishwa huduma ya madaktari wasafirio kwa ndege iliyozaa shirika la AMREF, ndege za namna hii zimepeleka waganga na kuchukua wagonjwa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Hata hivyo, usalama wake hutegemea pia kitu kidogo ambacho ni rahisi kukipuuza: betri, pamoja na chaja inayoitunza.

Wapo wanaoamini kwamba maadamu injini imewaka, betri ni nzima. Imani hiyo ni ya hatari. Kuwasha injini ni kazi ya sekunde chache tu. Kazi kubwa ya betri huja pale jenereta ya ndege inapokufa angani. Injini nyingi za pistoni za ndege ndogo hupata cheche kutoka kwenye magneto, kwa hiyo huendelea kuzunguka hata umeme ukikatika. Lakini redio, taa na vyombo vya umeme vya kuongozea safari vyote hubaki mikononi mwa betri. Rubani aliye juu ya milima yenye ukungu hahitaji sekunde chache. Ahitaji nusu saa ya umeme, au zaidi, hadi apate mahali salama pa kutua.

Hesabu yake si ngumu. Betri iliyopimwa kutoa ampea 13 kwa muda wa saa moja, ikibebeshwa mzigo wa ampea 15, itadumu takriban dakika 52. Ikiwa nusu ya uwezo wake imekwisha kupotea, zitabaki dakika 26. Betri hiyo mbovu yaweza bado kuwasha injini kila asubuhi bila ya kulalamika. Ndiyo sababu watengenezaji huagiza betri itolewe ndegeni kwa vipindi maalumu, ijazwe, kisha ipimwe inatoa umeme kwa muda gani. Ikishindwa kufikia kiwango kilichowekwa, ambacho aghalabu ni kati ya asilimia 80 na 85 ya uwezo wake wa awali, haina budi kuondolewa.

Uwezo huo hupotea vipi? Betri ya risasi na asidi inapotoa umeme, salfeti ya risasi hujengeka juu ya bamba zake. Ikichajiwa mapema, salfeti hiyo huyeyuka na kurudi katika hali ya kwanza. Ikiachwa majuma kadhaa bila ya umeme wa kutosha, chembe zake hukua, huwa ngumu, na sehemu ya bamba hufa. Kwa upande wa pili, betri inayochajiwa kupita kiasi huyapasua maji yake kuwa hidrojeni na oksijeni. Maji hupungua, bamba huliwa, na hidrojeni ikifikia asilimia 4 ya hewa ya chumba, cheche moja yatosha kuleta mlipuko. Basi betri hufa kwa njaa, na hufa kwa shibe. Chaja ndiyo inayopima chakula hicho.

Kwa sababu hiyo, kuchagua chaja kwa kutazama bei peke yake, au kuipeleka betri ya ndege kwa mchaji wa betri za magari, ni uchumi wa uongo. Maswali ya kwanza ni mawili: betri ni ya volti 12 au 24, na ni ya aina gani? Betri ya risasi yenye vifuniko vya kuongezea maji hustahimili mambo ambayo betri iliyozibwa haiyastahimili, kwa kuwa maji yaliyotoka katika hii ya pili hayarudishiki. Betri ya nikeli na kadimiamu, ipatikanayo katika baadhi ya ndege za injini za tabo, ina utaratibu wake. Haifai kuchajiwa katika chumba kimoja na betri ya asidi, wala kutumia vyombo vilevile, maana ndani yake mna alkali, na asidi huiharibu. Betri ya lithiamu nayo yataka chaja yake mahsusi. Mwezi Januari 2013 ndege zote za Boeing 787 duniani zilisimamishwa kuruka kwa sababu ya betri za lithiamu zilizopata moto mkali. Ikiwa kampuni kubwa yaweza kushikwa na tatizo la betri, fundi wa kiwanja kidogo hana sababu ya kubahatisha.

Swali la tatu ni la mahali, na hapa Njombe yatoa somo zuri. Betri ya risasi huhitaji volti nyingi zaidi wakati wa baridi na chache wakati wa joto. Kadirio la kawaida ni volti 0.004 kwa kila seli kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Betri ya volti 24 ina seli 12, kwa hiyo badiliko ni volti 0.048 kwa kila nyuzi. Chaja iliyowekwa volti 28.4 kwa nyuzi 25 ingepaswa kufikia karibu volti 29.4 katika alfajiri ya Njombe yenye nyuzi 5, na kushuka hadi volti 27.9 hivi katika mchana wa Dar es Salaam wenye nyuzi 35. Chaja isiyopima joto huiacha betri ya Njombe na njaa, na huichemsha ile ya pwani. Chaja bora, basi, hupima joto la betri, hukomea kwenye volti zilizoagizwa na mtengenezaji, na betri ikijaa hujishusha yenyewe ikabaki inailinda tu.

Wengine watasema kwamba jenereta ya ndege yatosha. Ingetosha kama ndege ingeruka kila siku na kwa muda mrefu. Ndege inayoruka robo saa kisha ikalala majuma matatu hairudishi umeme ilioutumia, na betri hujipunguza yenyewe hata ikiwa imepumzika. Ambako umeme wa gridi haujafika, paneli ya jua yaweza kufanya kazi hiyo, mradi iwe na kidhibiti chaji. Bila ya kidhibiti, paneli iitwayo ya volti 12 yaweza kutoa volti 20, na kuiua betri iliyokusudiwa kuokolewa.

Elimu hii isingojee chuo cha ufundi wa ndege. Umeme hufundishwa katika fizikia ya sekondari, na elektrolisisi katika kemia. Shule yenye betri kuukuu ya pikipiki, volti-mita, kipimajoto, taa na saa yaweza kupima uwezo wa betri uliobaki, chini ya uangalizi wa mwalimu, macho yakiwa yamekingwa na madirisha yakiwa wazi. Mwanafunzi atakayeona betri yenye volti nzuri ikizima taa kabla ya muda wake hatasahau kwamba volti si uwezo.

Mwamba wa Liganga una vanadi pamoja na chuma, na vanadi hutumika katika betri kubwa za kuhifadhi umeme wa mitambo. Taifa linalotarajia siku moja kunufaika na madini hayo lapaswa kuanza na nidhamu ya betri ndogo iliyopo leo: kuilisha kwa kipimo, kuipima kwa saa, na kutoiamini kwa sababu tu injini imewaka.