Sondu: Ni Nani Aliyeifinya Barabara?

Mwananchi apitaye Sondu siku ya soko, akitoka Kisumu kuelekea Kisii, hukuta barabara kuu imegeuka uchochoro. Upande huu mananasi na ndizi, upande ule samaki na viazi vitamu. Matatu zashusha abiria papo hapo juu ya lami, bodaboda zangoja wateja, na mama aliyebeba mtoto hana pa kukanyaga ila katikati ya magari.

Wako wasemao kwamba wachuuzi ndio wakosaji. Sisi hatukubali. Tazameni mitaro kwanza. Mtaro ukizibwa na taka, maji ya mvua hutuama kando ya lami, nayo lami humeguka ukingoni. Dereva hukwepa shimo akahamia katikati. Mchuuzi naye hukimbia matope akasogea palipo pakavu. Barabara ya upana wa mita 7 ikipoteza mita 1 na nusu kila upande, hubaki mita 4. Malori mawili, kila moja la mita 2 na nusu, hayawezi kupishana hapo.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imekabidhi Serikali ya Taifa barabara kuu, na kaunti ikazikabidhi masoko. Sondu iko mpakani mwa Kisumu na Kericho, na kaunti hizo zimewahi kugombania ushuru wa soko hilo. Hatujasikia zikigombania kazi ya kuzibua mtaro.

Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori liliacha njia likawavamia wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara. Waliofariki walizidi 50. Baada ya msiba huo Serikali iliamuru wachuuzi waondoke kando ya barabara kuu. Hatubishani na lengo la amri hiyo. Lakini kumfukuza mtu kwa rungu bila kumwonyesha pa kuuzia ni kumwambia arejee kesho alfajiri, na kifungu cha 47 cha Katiba chataka hatua ya serikali iwe ya haki, na aliyeathirika apewe sababu kwa maandishi.

Ndugu waumini na wapigania mageuzi, kifungu cha 35 chawapa haki ya kupata habari. Ulizeni: ushuru wa Sondu ulikuwa kiasi gani mwaka uliopita, ni kiasi gani kilichorudi sokoni, na mitaro ilizibuliwa lini? Andikieni kaunti zote mbili, na mamlaka ya barabara kuu pia, kisha mtunze nakala za barua.