Chai Haionjwi kwa Miguu! Shusheni Meza, Picha Baadaye

Haya, za Tukuyu zimewafikia?

Staa mmoja wa mitandaoni, yule ambaye akiposti kikombe tu watu wanauliza kinauzwa wapi, alitangaza darasa la kuchanganya chai kulekule inakolimwa. Tangazo lilikuwa kali: ukungu wa asubuhi, mashamba ya kijani, vikombe vyeupe, na pembeni chini kialama cha kiti mwendo. Maana ya kile kialama kila mtu anaijua. Hata anayetumia kiti mwendo alipie, aje, pamesharekebishwa.

Dada mmoja wa Mbeya mjini akakiamini. Akalipa kiingilio kilekile walicholipa wenzake, akapanda Noah pale Uyole, kiti kikakunjwa nyuma na kudaiwa nauli kama abiria wa pili. Akafika.

Mlangoni kamera zilikuwa tayari. Rampu ya mbao ilikuwepo, ila fupi, imesimama kama ngazi ya kupandia darini, na mvua imeilowesha. Vijana wawili wakamsukuma huku wa tatu akirekodi. Ndani, meza ya kuchanganyia ilikuwa ya kusimamia, kama kaunta ya baa, ilimfika kidevuni. Wenzake wakafungwa aproni, wakapewa mizani, vijiko na mabakuli ya majani. Yeye akaletewa kikombe cha chai iliyochanganywa na mtu mwingine. Na choo? Kiko uani, ngazi tatu kisha tope. Kwa hiyo tangu asubuhi yule dada alikuwa analowesha midomo tu. Darasa la chai, na mwanafunzi anaogopa kunywa chai!

Jioni wenzake waliondoka kila mmoja na pakiti ya mchanganyiko wake, na vipimo vyake vimeandikwa kwenye karatasi. Yeye aliondoka na kikapu cha zawadi. Kesho yake video ikaruka: anasukumwa, muziki wa huzuni, maneno matamu kuhusu upendo. Mioyo myekundu kibao.

Lisemwe wazi: yule dada aliibiwa. Hakuibiwa simu wala pochi. Aliibiwa somo alilolipia, halafu sura yake ikatumika kuuzia darasa lijalo.

Na kinachouma zaidi ni aina ya somo lenyewe. Chai si ngeni Rungwe. Ilipandwa Kyimbila, jirani kabisa na mji wa Tukuyu, mwaka 1904, enzi za Mjerumani. Tangu hapo kazi yake inayojulikana ni ya shambani: kapu mgongoni, gambuti miguuni, mteremko mkali, vidole vinakwanyua majani mawili na kichipukizi chake, mvua inanyesha. Na mvua ya Tukuyu si ya kutania, ni zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kule shambani mtu wa kiti mwendo atapata shida, hakuna anayebisha.

Ila majani yakishatoka kiwandani yamesagwa na kupangwa kwa madaraja, kuna ya chenga na kuna ya unga, inaanza kazi nyingine kabisa. Hapo ndipo anapoingia mwonjaji na mchanganyaji. Kipimo cha kuonjea kinachotambulika kimataifa ni gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6, kila kikombe vilevile bila upendeleo. Unachota kwa kijiko, unavuta kwa kelele kama mtoto asiye na adabu, unaisikilizia mdomoni, unatema, unaandika. Hii ina rangi lakini haina nguvu. Ile ina nguvu lakini inakwaruza. Ziunganishe, sabini kwa thelathini, onja tena. Vifaa vya kazi ni ulimi, pua, macho, kumbukumbu na daftari. Mguu uko wapi hapo?

Yaani katika safari nzima ya chai, kutoka shambani mpaka kikombeni, hii ndiyo kazi ambayo mtu wa kiti mwendo angeweza kumshinda yeyote. Na ndiyo hiyo aliyowekewa meza ya kumfika kidevuni.

Tena hapo ndipo penye hela. Chai nyingi ya Tanzania huondoka kwa jumla kwenye magunia. Kwa miaka mingi njia yake kubwa ilikuwa mnada wa Mombasa, na mwaka 2023 Dar es Salaam nayo ikaanza mnada wake. Baada ya mnada, mtu mwingine huko mbali anaichanganya na ya nchi nyingine, anaipa jina lake na boksi zuri, na bei inapanda. Jina na bei vinazaliwa kwenye meza ya kuchanganyia. Kijana wa Tukuyu mwenye mizani ndogo, majani mazuri, mchaichai, tangawizi, iliki na ulimi uliofundishwa anaweza kuanza na pakiti ishirini, akatafuta alama ya TBS, akauza mpaka Dar. Kwa hiyo lile darasa si la kuuza sura. Kwa mwingine ni mtaji wa maisha. Aliyekaa nje ya meza kakosa mchongo, hakukosa burudani.

Watetezi wa staa nao hawajalala. Wanasema angalau kamwalika, wangapi hawaaliki? Wanasema Tukuyu ni milima, mtafanyaje? Wanasema nia yake ilikuwa njema.

Tuanze na milima. Mlima Rungwe ulikuwepo kabla ya staa na utaendelea kuwepo. Ila meza haikuota kwenye mlima, ilitengenezwa na fundi. Meza ya kawaida ya kulia chakula ina kimo cha kama sentimita 75, na ikiwa chini yake hakuna droo wala mbao za kuzuia magoti, kiti mwendo kinaingia. Mama ntilie yeyote stendi anayo. Ilikuwa ni kuazima moja tu! Na rampu ina kanuni yake: sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 30 kinataka rampu ya mita 3.6. Hizo ni mbao chache na nusu siku ya seremala, na Tukuyu haina njaa ya mbao. Bajeti ya puto na maua ya kupigia picha ilipatikana, ya mbao ikakosekana?

Nia njema? Sawa, abarikiwe. Lakini hakufanya sadaka, alikata tiketi. Muuza sukari akikupimia nusu kwa bei ya kilo, husemi nia yake ilikuwa njema, unamrudisha kwenye mzani. Ukibandika alama ya kiti mwendo kwenye tangazo la biashara, umetoa ahadi. Huwezi kuitimiza mlangoni kwenye kamera ukaivunja mezani na chooni.

Na hili la "angalau kamwalika" ndilo baya kuliko yote, maana linamgeuza mteja kuwa mgeni wa huruma. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haizungumzii huruma. Inataka sehemu zinazotoa huduma kwa umma zifikike, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Hata mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ina fungu lake: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Serikali inasema kopa ufanye biashara, halafu darasa la hiyo biashara lina ngazi tatu za kwenda chooni.

Kwa hiyo kwa staa na wengine wote wanaopanga madarasa kama hayo, iwe chai, kahawa, keki au mapambo: kabla ya kubandika kile kialama, mtafuteni mtu anayetumia kiti mwendo, mlipeni kama mnavyomlipa mpiga picha, apite yeye kwanza. Afike kwenye choo, aingie mezani, aguse mizani. Akikwama popote, tangazo lisubiri. Na kama bado hamjaweza, andikeni ukweli kwamba kuna ngazi, mtu aamue mwenyewe kabla ya kutoa hela yake. Hakuna atakayewasema vibaya kwa ukweli.

Na yule dada anadaiwa vitu viwili: video yake ishushwe kama hakuiridhia, na somo lake alipewe upya. Kijiko mkononi, majani mbele yake, kikombe mpaka kiishe. Mkimaliza hayo yote, ndiyo mseme ndaga fijo, mpige na picha.