Wanafunzi wanaotoka inchi: tusihesabu vichwa tu, tuulize sababu



Kila mwaka inchi kubwa zinatangaza hesabu ya wanafunzi wageni, na sisi tunaanza kuzitumiana kwenye simu: Wahindi wametushinda, Wanigeria wametushinda. Tusome kwanza zile namba vizuri.

Mwaka wa masomo 2023-2024, Marekani ilipokea wanafunzi wageni 1,126,690. Wahindi walikuwa 331,602, Wachina 277,398. Wanigeria 20,029, Waghana 9,394. Ukiangalia mbiombio utasema Waafrika hawatoki. Si kweli. China iko na wanafunzi zaidi ya milioni 40 kwao. Wanaosomea inje, dunia nzima, ni kama milioni moja. Ni kusema, kwa wanafunzi 100, wawili ao watatu tu njo wanatoka. Na UNESCO inaonyesha tangu miaka mingi kama Afrika ya kusini mwa Sahara, ukilinganisha na idadi ya wanafunzi wake, inatoa watu kupita wastani wa dunia. Tunaonekana wachache sababu wachache njo wanafika chuo kikuu.

Kutoka si haya. Luxembourg ni inchi tajiri sana, lakini vijana wake wengi wanasomea Ubelgiji, Ujerumani na Ufaransa. Chuo kikuu chao kilianzishwa 2003 tu. Tofauti ni hii: wao wanavuka mpaka bila viza, na leta yao inawasaidia kwa pesa ya masomo hata wakiwa inje.

Kwetu je? Mtoto wa Goma ao Bukavu akienda kusomea Kampala, Kigali ao Bujumbura, mara nyingi ni familia njo inalipa. Shamba linauzwa, shangazi anatuma, kaka anakopa. Anayetaka Ujerumani, tangu 2024 anaombwa kuonyesha euro 11,904 kwenye konti, na hiyo ni ya mwaka mmoja tu. Na wengi hawatafuti masomo ya pekee: wanakimbia vita, migomo ya maprofesa, maabara isiyokuwa na vyombo. Namba inawaweka pamoja na yule wa Luxembourg. Lakini mmoja alichagua, mwengine alisukumwa.

Mimi niko na diploma ya hapa, na sina kazi. Siwezi kumwambia mtu abakie. Ninachosema ni kwamba kutoka kuwe chaguo, kusiwe mlango wa dharura.

Kwa hiyo tuombe leta mambo tatu:

1. Kila mwaka itangaze wazi Wakongomani wangapi wanasomea inje, inchi gani, masomo gani, na wangapi wamerudi.

2. Buruse zote za leta zitangazwe mbele ya wakati, na majina ya waliopewa yabandikwe, ili mtoto asiyekuwa na mjomba mukubwa naye ajaribu.

3. Maprofesa walipwe, na vyuo vyetu vipewe vyombo.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa wakubwa wa leta, peke yake ao pamoja na wengine. Hakiombi ruhusa ya mtu. Kila auditoire iandike lake, itie sahihi, ipeleke. Leta isiyojua watoto wake wako wapi, itawaita namna gani warudi kujenga inchi?