Kichujio cha oili kuingia kwenye injini si ithibati kwamba kinafaa

KATIKA maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, kuna neno moja ambalo humaliza mjadala baina ya mwuzaji na mnunuzi: "Inaingia." Mwenye gari kuukuu hufika na kichujio cha oili kilichochakaa, mwuzaji akakilinganisha kwa macho na vilivyo rafuni, kisha akampa kinachofanana nacho. Naam, huingia. Swali ni iwapo kinafaa.

Suala hili si la mafundi pekee. Kanuni ya ubora KS 1515 ya mwaka wa 2000 huruhusu magari yaliyotumika kuingizwa nchini mradi yasizidi umri wa miaka minane. Hivyo basi, gari ambalo Mkenya wa kipato cha wastani huliita jipya huwa limekwisha kutumika kwa miaka kadhaa ughaibuni, na bado hutarajiwa kumhudumia kwa mwongo mmoja au zaidi. Kitabu chake cha maelezo, iwapo lilikuja nacho, aghalabu huwa cha Kijapani. Uamuzi kuhusu kipuri kinacholinda injini huachiwa jicho la mwuzaji.

Jicho hilo laweza kudanganyika. Injini nyingi ndogo za Toyota hufungwa kichujio chenye hesi za robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05. Nyingi za Honda, Mazda na Mitsubishi hutumia hesi za milimita 20. Tofauti haifiki milimita moja, na mikebe yenyewe hufanana kama mapacha. Kichujio cha milimita 20 kikifungwa kwenye injini ya Toyota, hushika kwa ncha za hesi tu. Fundi ataona kimekaza. Lakini asubuhi ya baridi kule Limuru, oili ikiwa nzito na shinikizo likipanda, chaweza kufyatuka. Oili humwagika kwa muda mfupi, na dereva asipozima gari mara moja, beringi husagika na injini ikanoki.

Mengine hayaonekani kabisa. Ndani ya vichujio vingi mna vali ambayo hufunguka karatasi ya kuchujia inapoziba, ili injini isikose oili. Baadhi ya injini zina vali hiyo kwenye bloku, kwa hivyo vichujio vyake havina. Kichujio cha aina hiyo kikifungwa kwenye injini inayoitegemea vali ya kichujio, siku kitakapoziba oili haitapita. Ipo pia vali ya kuzuia oili kurudi chini gari linapozimwa. Pale kichujio kinapolala ubavu, vali hiyo ikikosekana injini hugongagonga kila asubuhi kabla ya oili kufika juu.

Wapo wanaoamini kuwa kichujio kikubwa ni bora. Ni kweli kwamba kirefu huwa na karatasi nyingi na huchelewa kuziba. Hata hivyo, urefu huo hufaa tu iwapo hesi, kipenyo cha gasketi na vali vinalingana na vya awali, na mkebe haugusi bomba la moshi wala kukaribia mawe ya barabara zetu. Kifupi mno nacho huziba mapema, hasa kwenye injini iliyochakaa.

Serikali imeelekeza juhudi zake kwenye bidhaa bandia, na sheria ya kukabiliana nazo ilipitishwa mwaka wa 2008. Ni hatua ya kupongezwa, lakini haigusi kiini cha tatizo hili. Kichujio halisi, cha kampuni yenye sifa, kikiwekwa kwenye injini isiyokuwa yake huua injini sawa na kile ghushi. Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (Kebs) lingefaa kuhakikisha kwamba kila pakiti ya kichujio inaonyesha waziwazi kipimo cha hesi, kipenyo cha gasketi na shinikizo la kufungua vali. Mwuzaji naye awe na orodha ya mtengenezaji kaunta, asome nambari ya injini badala ya kukisia.

Hadi hayo yatimie, mwenye gari hana budi kujilinda. Aandike nambari ya injini na ya kichujio alichopendekeza mtengenezaji. Asikiamini kichujio kilichotolewa kuwa kipimo, kwani huenda nacho kilikuwa cha makosa. Ahakikishe kwamba gasketi ya zamani haikubaki imenata, kwa sababu gasketi mbili huvujisha. Gari likiwashwa, angoje taa ya oili izimike, achungulie chini, kisha alizime na kupima oili upya.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye teksi au matatu kuukuu, ukuta huo ni injini nzima, na wakati inapofunguliwa gereji, karo ya watoto haingoji.