Hapana Ina Alama 11, Ndiyo Ina 9

Nianze na hesabu kabla hamjaanza kunitusi. Kwenye Scrabble ya kawaida, ukipanga NDIYO unapata alama 9. Ukipanga HAPANA unapata 11. Nimehesabu mara tatu.

Sasa niwaambie kwa nini nilikuwa nahesabu herufi saa nane usiku.

Wiki tatu zilizopita jamaa fulani alinilipa nimrekodi akimchumbia msichana wake, kwenye hoteli moja hapa Meru mjini, upande wa Makutano. Mpango ulikuwa mtamu, sitakataa. Wote wawili wanapenda Scrabble. Jamaa akaficha herufi saba mfukoni: U, T, A, N, I, O, A. Wakianza kucheza, yeye anazitoa polepole, anazipanga katikati ya ubao: UTANIOA. Marafiki kumi wanatokea na simu juu. Pete inatoka. Mimi narekodi.

Na ikaenda hivyo hivyo. Dada akaangalia ubao, akaangalia zile simu, akaangalia kamera yangu. Akasema ndiyo. Watu wakapiga nduru. Nikarusha kipande cha sekunde kumi na tano hapo hapo, kabla hata chai haijaletwa.

Nikiwa nje napakia vifaa kwenye begi, yule dada akanijia peke yake. Akaniambia, "Tafadhali, hiyo vidio usiiweke mahali." Nikamuuliza kwani kuna nini. "Nilimwambia tungoje nimalize shule kwanza. Alikuwa anajua."

Hiyo tu. Akarudi ndani, akacheka na wengine.

Nilifuta kile kipande, lakini wapi. Kilikuwa kishafika kwa magrupu ya WhatsApp. Na mnajua watu walikomenti nini? Sarufi! Eti mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, kwa hivyo jamaa ameomba aolewe yeye. Eti angeandika NITAKUOA. Watu walicheka hadi machozi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza uso wa yule dada ulikuwa unasema nini. Na mimi niliyeuona kwa karibu kuliko wote nilikuwa naangalia kama mwanga uko sawa.

Wacha niseme wazi: huo haukuwa uchumba, ilikuwa mechi iliyouzwa.

Scrabble ina herufi 100 ndani ya mfuko. Unaingiza mkono bila kuangalia, unavuta saba. Ukifanikiwa kutumia zote saba kwa zamu moja unaongezewa alama 50. UTANIOA ikiwa neno la kwanza, pale katikati ambapo alama za neno zinazidishwa mara mbili, ni alama 64. Mtu akikuwekea hivyo kihalali, msalimie kwa heshima. Lakini huyu alitoa herufi mfukoni mwake.

Na mpinzani naye ana haki zake. Anaweza kupinga neno lako. Anaweza kubadilisha herufi zake. Anaweza kusema "pasi" na hakuna mtu atamuuliza kwa nini. Yule dada alikuwa na haki gani kati ya hizo tatu? Hakuna. Alikuwa na simu kumi usoni na jibu moja tu linaloruhusiwa.

Aliyebuni huu mchezo, Alfred Butts, alikuwa msanifu wa majengo Mmarekani aliyekosa kazi miaka ya 1930. Alihesabu herufi kwenye magazeti ya Kiingereza ndiyo ajue ipi ni ya kawaida na ipi ni adimu. Za kawaida akazipa alama kidogo, adimu akazipa nyingi. Angalia UTANIOA: kila herufi ni ya alama moja. Ni zile za bei rahisi kabisa. Kuuliza swali mbele ya watu ni rahisi hivyo. Mzigo wote unabaki kwa anayejibu.

Najua mtaniambia, "Kama hakutaka, si angesema hapana? Ana mdomo."

Sawa. Mimi niliingia chuo kwa harambee. Nilisimama mbele ya kanisa, mama mboga wakitoa mia mia, halafu mzee mmoja akanishikia maikrofoni na kuniuliza kama nitawaletea digrii. Nikasema ndiyo, na nilijua siku hiyo hiyo kwamba ile kozi siitaki. Nilikaa huko miaka miwili kwa sababu ya ndiyo moja niliyosema mbele ya watu. Nilipoacha, kila mtu aliuliza mbona sikusema mapema. Mapema lini? Wakati mnapiga makofi?

Wengine mtasema nawaonea wivu, eti nataka turudi kwa mambo ya wazee. Haya, tuwaangalie hao wazee. Kule Igembe na Tigania, kibunda cha miraa kilichofungwa vizuri hupelekwa kwa wazazi wa msichana kufungua mazungumzo. Yanafunguliwa tu, bado hayajaisha. Jirani zetu Wakikuyu, kama Jomo Kenyatta alivyoeleza kwenye *Facing Mount Kenya* mwaka wa 1938, walimuuliza msichana kabla pombe ya posa haijanywewa. Sisemi zamani ilikuwa mbinguni. Wasichana wengi walilazimishwa na bado wanalazimishwa. Lakini angalau safari ilikuwa ndefu, na njiani palikuwa na mahali pa kusimama. Sisi tumeifupisha ikawa sekunde kumi na tano na wimbo nyuma, halafu tunajiita wa kisasa.

Hata sheria imetushinda akili. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema ndoa ni muungano wa hiari, na ahadi ya kuoana haimfungi mtu kuoa wala kuolewa. Kwa hivyo dada, ile ndiyo uliyosema mbele ya simu kumi haijakufunga kamba. Unaweza kuamka kesho ukasema, "Nimefikiria, tungoje."

Kwenu majamaa: Scrabble haina shida. Nyinyi wawili, chai, ubao, mkitaka hadi usiku. Lakini swali lenyewe liulizwe kwanza mkiwa wawili, mahali ambapo hapana inaweza kusikika na mtu bado apate lifti ya kurudi nyumbani. Mkishakubaliana, pete ije kama sapraizi, hata na matarumbeta. Na kama alishakwambia ungoje, basi umejibiwa. Usimletee mashahidi wa kumgeuza.

Kwetu wenye kamera: tumekula sana hizi pesa. Mimi nilirudisha za yule jamaa na hajawahi kunijibu tena. Siku hizi nina sharti moja. Sirushi kitu siku hiyo hiyo. Kesho yake naongea na yule aliyeulizwa, akiwa peke yake, na yeye ndiye anaamua kama vidio inatoka. Sharti hilo limeshanikosesha kazi mbili. Wote wawili waliniambia, "Sasa akikataa je?"

Kama swali hilo linakutisha, bado hujawa tayari kuuliza.